Nepi Namba Tano

Uvumilivu wangu uliisha siku nilipoona nepi ya mtoto wangu ikikimbia uwanjani Kawangware, imeshonwa mgongoni mwa shati la mume wangu, imeandikwa 5 kwa rangi ya viatu.

Sikukosea. Nepi zile mama yangu alizikata kutoka shuka nyeupe kule nyumbani, akazipinda ukingo kwa uzi mwekundu, akanitumia Nairobi kabla sijajifungua. Uzi mwekundu niliuona nikiwa pembeni mwa uwanja. Kisha nikaitazama timu yote ya mtaa wetu wa Kianda: kila mgongo una uzi mwekundu. Wanaume wazima wamevaa nepi, na mtoto wangu mgongoni kwangu amefungwa kipande cha gunia la sukari.

Kwa muda nepi zilikuwa zikitoweka kwenye kamba. "Ni kunguru," akasema baba mtoto. Kunguru wa wapi anajenga kwa nepi? Nikamtukana jirani wa mlango wa pili mpaka akaacha kunisalimia, na huyu bwana wangu amekaa pale anakunywa chai, anasikiliza. Halafu Jumapili hiyo, tukitoka kanisani, akanialika mwenyewe: "Njoo uone mechi. Siku hizi tuko na namba!"

Lazima nieleze hii habari ya namba, kwa sababu siku hizi mtu anavaa yoyote anayotaka, hata ile ya umri wa nyanya yake. Miaka ile ya sabini namba ilikuwa kazi. Mbili na tatu ni mabeki wa pembeni. Saba na kumi na moja ni mawinga, wao ni kukimbia tu. Tisa anangoja mbele afunge. Tano anasimama katikati kule nyuma, na hatoki. Mume wangu alikuwa tano, na hiyo tano aliileta mpaka nyumbani.

"Mtoto analia, mchukue."

"Mama mtoto, tano hatoki nafasi yake. Hiyo ni mpira ya mbili."

Mbili ni mimi. Nilipewa bila kuulizwa.

Sasa, vijana wa Kawangware, watoto wa wenye ploti za kupangisha, walikuwa wamekataa kucheza na timu isiyo na namba, na refa akakubaliana nao. Ndipo nepi zangu zikapata kazi.

Hafu taimu ilipofika, watu wetu wakakaa kwenye nyasi wananyonya machungwa. Niliingia katikati yao, nikashika tano, nikavuta. Zilikuwa zimeshonwa na wanaume: ukivuta tu, zinatoka. Kabla hawajameza machungwa nilikuwa nazo zote mkononi.

"Wee! Unafanya nini?" mume wangu akaruka.

"Nachukua nguo za mtoto wako."

Kapteni akaja ameinua mikono. "Shemeji, tafadhali. Tuko bila bila. Bila namba refa atatufukuza."

"Na mtoto? Hebu shika mgongo wangu uone ulivyolowa."

"Kipindi kimoja tu, shemeji. Tukimaliza utapata zote. Naapa mbele ya Mungu."

Kwa sababu ya Mungu, nikakubali. Sindano hakuna, lakini pini za nepi nilikuwa nazo kikapuni, zimekaa bure tangu nepi zipotee. Nikawabandika mmoja mmoja bila kuangalia nani ni nani. Mgongo ni mgongo. Mume wangu akapata kumi na moja.

"Hii si yangu!"

Refa ameshapuliza. "Jezi ndiyo inacheza, si mtu!" kapteni akapiga kelele. "Kila mtu afuate namba yake!" Hivyo ndivyo alivyowafundisha siku zote, na hivyo ndivyo walivyofanya. Mfungaji wao mwembamba akaenda nyuma kuzuia. Seremala mmoja mnene, beki tangu azaliwe, akajikuta tisa, akasimama mbele ya goli la watu akiuliza afanye nini. Na mume wangu, ambaye hata kwenda chooni anafikiria kwanza, akatumwa kukimbia pembeni.

"Winga gani hiyo?" mashabiki wa Kawangware wakacheka. "Mpeni bakora, mzee asianguke!"

Mpira ukamfikia, na pini ikafunguka.

Alipiga yowe, akakimbia. Kadiri alivyokimbia ndivyo ilivyomchoma, na kadiri ilivyomchoma ndivyo alivyokimbia. Mabeki wa Kawangware wakampisha, maana mtu anayelia hivyo humjui ana nini. Mpira ulikuwa mbele ya miguu yake tu, wala hakuwa na haja nao. Yeye na mpira wakaingia golini pamoja. Moja bila, na ikaisha hivyo.

Walimbeba mpaka Kianda. Mimi nyuma na mtoto, nangoja nepi. Tulipofika, kapteni akazikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko wake.

"Shemeji, hizi haziwezi kurudi sasa. Zimetuletea bahati. Hata kufua hatufui."

"Na Mungu uliyemwapia?"

"Mungu ameona goli, shemeji."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amelala kifudifudi, anangoja nimpake dawa mgongoni. "Kapteni ashasema," akaniambia.

Nilikwenda mlango wa pili, nikamwomba jirani msamaha. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa kalamu. Shule mpaka Fomu Foo sikwenda bure. Kesho yake nilisimama mbele ya kamati ya timu, nikamsomea mwenyekiti, mzee wa kanisa, maneno haya:

"KUH: KUVALIWA KWA NEPI. Mimi ni mke wa namba tano. Naishtaki timu yako kwa kuvaa nguo za mtoto wangu bila ruhusa. Naomba nepi zote zirudishwe, zikiwa zimefuliwa na waliozivaa. Naomba niondolewe kwenye namba mbili, kwani sikuomba kuchezea timu yoyote. Mume wangu apewe namba inayobeba mtoto; kama haipo, kamati iitengeneze. Mkichelewa, mjue kwamba kumi na moja, jezi iliyofunga goli, kapteni aliisahau mgongoni mwa mume wangu; nimeibandua, ninayo mimi, na mtoto amefungwa nayo tangu jana. Ameshaitumia vizuri. Sijaifua, kwa sababu ya bahati."