Mlafi wa Tumboni

Mama mkwe wangu aligombana na mjukuu wake kabla hajazaliwa. Naandika haya kwa ruhusa yake, ingawa amesema nitie chumvi kidogo tu.

Mimba yangu ilikuwa ya mapacha wa kufanana, waliokuwa wakitumia kondo moja la nyuma. Ultrasaundi ilionyesha mmoja anakua vizuri na mwingine anabaki nyuma, na kila nilipoenda kliniki tofauti yao ilizidi. Daktari alinieleza taratibu. Kondo ni la wote wawili, ila halikugawanyika sawa, na mdogo amepata sehemu finyu. Damu ikipungua sana kwenye kamba ya kitovu chake anaweza kufa, na kwa kuwa mishipa yao imeungana kwenye kondo, kifo chake kinaweza kumdhuru hata mwenzake.

Nyumbani Utemini nilimkuta mama mkwe ameshafika kutoka kijijini kwake Ulemo, na kuku wawili, unga wa uwele na mlenda mkavu. Nilimwamkia, nikamsimulia yote. Katika maelezo yote yale alishika kitu kimoja.

"Basi huyo mkubwa ni mlafi," akasema.

Kwake watoto hula sinia moja. Yeye hukaa pembeni kwenye kigoda akitazama mikono, na akiona mmoja anawazidi wenzake mbio, analigeuza sinia ili nyama imfikie mnyonge. Ndivyo alivyowalea wanawe, na mume wangu hadi leo hula akimwangalia mama yake kwa jicho la pembeni. Sasa sinia lilikuwa mimi. Nikila ugali, niegemee ubavu wa kushoto, alipo mdogo. Uji wa uwele, ubavu huo huo. Nikijisahau nikageukia kulia, sauti inatoka jikoni: "Unamlisha nani huko?"

Akimaliza kunilisha, anainama kwenye tumbo langu na kufoka. "We wa kulia! Acha ulafi. Mwenzio naye ana tumbo!"

"Mama, daktari amesema chakula hakina kosa," nilimwambia. "Hata nikila ng'ombe mzima, nitanenepa mimi."

"Huyo daktari amewahi kulea?"

Nilicheka mpaka nikaomba maji. Kusema kweli, siku zile nilimpenda sana mwanamke yule. Wengine wote walinipa pole, nami pole zilikuwa zimenichosha, lakini yeye alinipa kitu cha kufanya, hata kama hakikuwa na faida yoyote. Nilikula nimejipinda, nikimwombea mdogo wangu kila tonge.

Kisha ikaja siku ya kliniki ambapo daktari alitazama damu ya mdogo kwenye kioo cha mashine, akaona imepungua mno. Nililazwa siku hiyo hiyo. Nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto, na baadaye nikafanyiwa upasuaji, miezi ikiwa haijatimia. Walikuwa wasichana. Mdogo alienea kwenye viganja vya muuguzi, lakini alilia, na alikuwa anapumua mwenyewe. Nililia kuliko yeye.

Mama mkwe aliomba apewe kondo, kwani kwao bibi ndiye anayelizika nyuma ya nyumba. Mkunga alimletea kwenye beseni na kumwonyesha. Kitovu kimoja kilikuwa kinene, kimeshika katikati. Cha pili kilikuwa chembamba, kimeshika pembeni kabisa, karibu king'oke. Yeye ni mkulima, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Huyu alipandwa kwenye changarawe," alisema. "Mwenzake hakumnyang'anya kitu."

Alipoingia wodini, mdogo alikuwa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, tumefunikwa kanga. Nilijua atamkimbilia yeye. Hakumkimbilia. Alinawa mikono, akaenda kwenye kitanda cha yule mkubwa, akafungua vifungo vya blauzi na kumwomba muuguzi amwekee mtoto kifuani. Huyu ni mama ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata mumewe.

"Nisamehe, mama," alimwambia yule mtoto. "Nilikusingizia."

Mtoto alikuwa amelala. Nikamtania kwamba hata hasikii.

"Anasikia," akanijibu, machozi yanamdondoka. "Siku zote zile alikuwa ananisikia."