Sabuni ya Kijana, Kichwa cha Mama

Jumamosi nilikuwa saluni moja hapa Sumbawanga nikisubiri zamu, akaingia kijana mwenye dredi pamoja na mama yake, mkulima wa Kasense. Kijana alitoa kipande cha sabuni ya nywele aliyoitengeneza kwa mafuta ya parachichi na asali, akamwomba mwenye saluni awajaribie wateja wenye dredi na nywele kavu.

"Mdogo wangu, mtu akiharibika nywele nitalaumiwa mimi," mwenye saluni alisema, akamrudishia.

Mama yake akafungua kilemba mbele yetu sote. Nywele zake zilikuwa chache, kavu, zimekatika mbele.

"Nijaribie mimi," akasema, akaenda kuinama kwenye sinki.

Mwenye saluni akamwosha kwa sabuni ile, na nywele zilipokauka alipitisha vidole ndani yake taratibu. Havikukwama.

"Niachie vipande viwili," akamwambia kijana.

Nilimsifu mama kwa kumwamini mwanawe.

"Sabuni yake naiamini," akanijibu. "Hizo dredi, hapana. Kila siku tunagombana."

Wengi wetu tungesubiri kwanza azinyoe, ndipo tumwinamishie kichwa.