Nilimfundisha Umeme, Mwanga Akaenda Kujifunza Peke Yake

Admin, jina langu libaki kwako, na ninyi wa Sumbawanga mkinitambua naomba mnyamaze tu. Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, naishi Pito na wazazi wangu, ni wakulima. Kidato cha nne nilishamaliza, sasa narisiti somo moja, Fizikia. Nina hasira za karibu, mama yangu analisema hilo kila siku, lakini hili siyo hasira. Hili linaniuma mpaka chakula hakipiti.

Shuleni nilikuwa na rafiki, nitamwita Tausi. Kwao ni Kipili, kule ziwani, ila alikuwa anakaa mjini kwa shangazi yake, mwalimu wa shule nyingine. Tulikuwa pete na kidole. Tulikuwa na kundi la diskasheni, na utaratibu wetu ulikuwa kugawana mada. Ukipewa mada unaisoma wewe, unasimama ubaoni unawafundisha wenzako, na hukai mpaka yule anayeelewa kwa shida kuliko wote aseme ameelewa. Sasa huyo wa kuelewa kwa shida alikuwa Tausi, na mimi nilipewa umeme. Wenzetu wakichoka wanaondoka, mimi nabaki naye na ule ubaridi wetu, nimevaa sweta juu ya sweta, namchorea saketi upya. "Hapa mkondo unagawanyika, hapa haugawanyiki. Umeona?" "Bado, dada." Narudia. Siku alipokokotoa swali zima peke yake aliruka akanikumbatia, chaki zote zikamwagika.

Mada ya Tausi ilikuwa mwanga. Maabara yetu ilikuwa jina tu, pendulamu yenyewe tulifunga jiwe kwa uzi tukaning'iniza kwenye kenchi ya paa. Kwa mwanga unahitaji kile kipande kinene cha kioo na pini, na hatukuwa navyo. Tulipomuuliza zamu yake lini, akasema, "Mwanga achaneni nao. Umetoka mwaka jana kwenye mtihani wa praktiko, mwaka huu hautoki." Na mnatujua wanafunzi, kuotea maswali ndiyo dini yetu. Tukairuka mada nzima. Jumamosi alikuwa haji diskasheni, anasema anamfulia shangazi. Mimi nikawa namhurumia, jamani! Jumatatu namrudishia kila alichokosa.

Siku ya praktiko naingia, mezani kuna kioo na pini. Nikachomeka, nikachomoa, mistari ikagoma kukutana, karatasi ikatoboka kama chujio. Tausi meza ya mbele anachomeka pini zake taratibu, wala hana wasiwasi. Nikasema moyoni, ashukuriwe Mungu, angalau mmoja wetu kapona. Nilifurahi kwa ajili yake, haki ya Mungu.

Matokeo yakatoka. Mimi Fizikia D, na bila C ile kombi ya PCM, Fizikia, Kemia na Hesabu, niliyoililia tangu kidato cha pili ikafa hapohapo. Tausi akapata C, akapangiwa kidato cha tano, bweni, mkoa wa mbali. Shangazi akafanya kasherehe nyumbani, na anayemenya viazi jikoni ni mimi. Wageni walipojaa shangazi akasimama. "Watu wanasema huyu mtoto ana bahati. Bahati gani? Kila Jumamosi nilikuwa naye kwenye maabara ya shuleni kwetu, anachomeka pini mpaka vidole vinaota sugu!" Vigelegele. Mimi kisu kilinidondoka.

Nikamvuta Tausi nyuma ya nyumba. "Jumamosi ulikuwa unafua?"

Akainama. "Shangazi alisema niende peke yangu. Nikienda na kundi atagombana na mkuu wake wa shule. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia tu! Ningenuna siku moja, halafu ningeenda kuomba kioo hata kwa fundi wa madirisha. Lakini kwa nini utuambie hautoki?"

Alilia tu. Hilo swali hajalijibu mpaka leo.

Nikajua yameisha. Kumbe wapi! Jumapili moja simu ikaita, namba ya matroni wao. "Dada, umeme wa huku siuelewi kabisa. Nifundishe kama zamani." Nilitaka kukata. Sijui kwa nini sikukata. Nilimfundisha nimesimama uani mpaka akaelewa, akafurahi, halafu akasema, "Wewe una raha, uko nyumbani, huna presha ya mitihani." Sina presha! Mimi ninayeshinda shambani, jioni nafungua kitabu mgongo unawaka, mtihani wangu uko mbele na sina hata wa kumuuliza. Nilienda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto.

Simu zake za Jumapili zilizofuata sikupokea. Wiki iliyopita mama yake akaja kutoka Kipili na migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, kwenye kapu. Nikampa shikamoo, akaniitikia akiwa amenishika mikono yote miwili. "Mwanangu, mwenzio amekonda, anataka kuacha shule. Anasema bila wewe hawezi. Akifaulu yeye, si ni kama umefaulu wewe?" Maskini, hajui lolote, na nilishindwa kumwambia. Mama yangu, ambaye anajua kila kitu, akapokea samaki, akasema samehe, hakuna asiyekosea. Wale samaki nilishindwa kuwala.

Wengine mtasema nina roho mbaya. Sawa, semeni. Ila Jumapili ndiyo hiyo inakuja na simu itaita. Nikipokea, nitampa tena masaa ambayo mimi mwenyewe sina, na moyo utachanika upya nikisikia anavyocheka akielewa. Nisipopokea, najua kabisa atakwama wapi, kwa sababu ni palepale alipokuwaga anakwama zamani, na hakuna mwingine aliyewahi kukaa naye mpaka akatoka. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?