Chumba Kisicho na Jiko

Mpangaji wetu wa kwanza sikupata kumpenda, na hadi leo simpendi. Watu husema alikuwa kijana mwema. Wema wake ndio ulionikera.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na Amu, yaani Lamu yetu, ilianza kupokea watu wa bara: walimu, askari, makarani, wote wakitafuta pa kulala. Nyumba yetu ilikuwa ya mamangu, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke, na nyuma yake palikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia nguo na kufugia kuku. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, mshonaji kanzu. Nikamwambia mama tujenge chumba hapo nyuma tupangishe.

Uwanja ulikuwa mwembamba hata ukuta mmoja wa chumba hatukuujenga. Tulitumia wa jirani, aliyeturuhusu kuchomeka boriti zetu humo, kwa kuwa jirani mwema hakatazi hilo. Mawe yalitoka kisiwa cha Manda kwa mashua, yakaletwa nyumbani na punda mmoja mmoja, maana katika kichochoro chetu punda wawili hawapishani. Mimi mwenyewe nilikoroga chokaa mpaka viganja vikachubuka. Fundi alipouliza jiko liwe wapi, nikamwambia asiliweke, lingekula nafasi ya kitanda.

"Na mtu huyo atapika wapi?" mama akauliza.

Nikamjibu kwamba hilo ni lake mpangaji. Kumbe nilikuwa najipalia makaa.

Akaja mwalimu kutoka bara, Mkristo, mrefu, akiinama kila mlangoni. Jioni ya kwanza mama alikuwa akikaanga changu, na mlango wa chumba kile ulikuwa hatua chache tu kutoka mekoni. Akajaza sahani, akanipa nimpelekee.

"Ni mpangaji, mama, si mgeni," nikasema.

"Mtu asikie harufu ya samaki wangu, kisha alale na ndaa? Mpelekee, mwanangu."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alipewa wali wa nazi, na ya nne akakaribishwa mkekani.

Kula kwake ningalivumilia. Kilichoniuma ni ukoko. Tangu utotoni ukoko wa wali ulikuwa wangu. Mama aliubandua chunguni akanitia mkononi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Siku moja nikanyoosha mkono kama kawaida, akaniambia, "Leo nimempa mwalimu. Kwao hawaujui." Nikamwonea gere mwanamume mzima kwa sababu ya wali ulioungua. Naam, na ningemwonea tena.

Halafu mwalimu alimwita mamangu Mama. Mtaa mzima ulimwita Bi. Wa kumwita Mama nilikuwa mimi peke yangu. "Mama, hii chakula ni tamu sana," atasema yule bwana, na mama atacheka mpaka mtandio umwanguke. Mimi nilipokosea maneno udogoni nilipigwa kofi.

Nikatafuta hila. Nilinunua stova ya mafuta ya taa, nikampelekea mwalimu huku nikitabasamu, nikamwambia sasa aweza kujipikia vyakula vya kwao. Alinishukuru kwa mikono miwili. Magharibi niliporudi kutoka dukani nikaikuta stova mekoni, mama amechuchumaa mbele yake, uso umemkunjuka.

"Mwalimu ameona moshi wa kuni waniumiza mato," akasema. "Tazama alivyonipa."

"Mama, stova hiyo nimenunua mimi."

"Ndiyo, kaniambia. Lakini moshi kauona yeye."

Sikula usiku huo. Mla nawe hafi nawe, nilijiambia, ila mzaliwa nawe. Lakini mama hakuonekana kuikumbuka methali hiyo, na mimi ndiye niliyezaliwa nyumba ile, nikapita mekoni mle kila siku na moshi ule ule, nisiuone.

Mwaka uliofuata mwalimu alipata uhamisho. Nilimbebea sanduku lake hadi gatini bila kuombwa, kwa haraka. Niliporudi nilimkuta mama amekaa uani, analia. Hakuwa akilia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Hasira ikanipanda. "Nilipokwenda Mombasa kujifunza kushona nilikaa miaka," nikamwambia. "Siku niliyoondoka hukutoa hata chozi."

Hakunitazama. Alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Wewe nalijua utarudi," akasema.

Ilipasa nifurahi. Hakuna mwana asiyetaka kusikia neno hilo kwa mamake. Lakini nilisimama pale mbele yake, nikamtazama anavyomlilia yule, nikatamani, hata mara moja tu, niwe mimi anayeliliwa.