Mwitikiaji wa Nii Okai

Katika bendi ya Nii Okai, pale Accra, mwitikiaji alisimama nyuma siku zote, bega la Nii Okai, mwimbaji mkuu, likimziba nusu ya uso. Kabla ya kuimba alitafuna kipande cha tangawizi, kisha akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Waandishi wakimsogelea, alijibu polepole, "Muulizeni yeye." Mwaka huu, kwenye tuzo za muziki, wimbo wao ulitangazwa kuwa wimbo bora, na hata mwezi haukuwa umeisha tangu Nii Okai azikwe. Tetteh, mpiga ngoma wao, alimgusa mwitikiaji kiwiko. "Dada, nenda bwana. Au unataka tukubebe na kiti chako?" Hakucheka. Alipanda jukwaani, akaikumbatia tuzo, akaimba kiitikio. Halafu akanyamaza, akiuachia nafasi mstari wa Nii Okai. Akaitikia tena, akasubiri tena. Mwishowe akavuta pumzi, akauimba ule mstari mwenyewe, na kutoka kwenye viti, kwa sauti yake ya kukwaruza, Tetteh akamwitikia.