Mmea Namba Sitini na Moja

Zuberi alitoka Muheza mwaka 2003, akaja Doha kupika chai. Ofisi ilikuwa ya serikali, mtaa wa West Bay, na kazi yake ilikuwa kusukuma kigari cha vikombe kutoka meza hadi meza na kunyamaza. Mimi nilikuwa msafishaji wa ghorofa hiyohiyo. Chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kitanda changu kilikuwa juu ya chake.

Ijumaa baada ya swala, wenzetu wakifua au wakilala, yeye alipanda pikapu ya Arnold, Mkenya wa chumba chetu aliyepeleka maji mashambani, mbele ya mji wa Al Rayyan. Arnold akishusha maji, Zuberi alitembea jangwani ameinama kama mtu aliyeangusha ufunguo. Alirudi na vimea vidogo, akavilaza ndani ya magazeti ya zamani na kuviweka chini ya godoro mpaka vikauke. Kila kimea kilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari: namba, tarehe, mahali, na jina ambalo watu wa huku hukiita. Majina aliwauliza wachunga ngamia.

"Mzee, hii nyasi yako italetea sisi mbuzi kwa hii room," Arnold alimtania.

"Mbuzi si wewe? Wali wangu wa jana nani kala?"

Namba 61 ndiyo iliyomnyima raha. Aliichuma baada ya mvua ya 2009: majani ya kijivu, laini kama manyoya ya paka, yenye harufu kali. Mwaka uliofuata alikuta pale pamepita lami. Wachungaji, wengi wao wageni kama sisi, hawakuijua. Miaka mitatu ukurasa ule haukuwa na jina.

"Muulize mudir," nilimwambia. Mudir, yaani mkurugenzi wetu, alikuwa mzee wa Kikatari aliyekulia jangwani.

"Niingie na sinia halafu nimtolee nyasi? Nitapandishwa ndege ya kurudi kwetu."

Chumbani watu walipoanza kusema magazeti yake yanaleta kunguni, mimea mingine aliibana kwenye daftari. Hiyo 61, kwa harufu yake, aliitia kwenye mkebe wa biskuti na kuuficha jikoni ofisini, bila kuniambia.

Februari 2012 alikwenda kupimwa afya kwa ajili ya kibali cha ukaazi, nami nikashika kigari. Mudir akasema tumbo linamsumbua, nimletee chai ya majani. Sikujua ni majani gani, na niliona haya kurudi kuuliza. Nikafungua makopo mpaka nikafika kwenye mkebe wa biskuti. Majani makavu, yananukia dawa. Nikayachemsha yote.

Mudir alipiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Nani kakupa jaada?"

"Sijui, mudir."

"Chungu vilevile kama zamani! Mama alikuwa akitukimbiza nayo, tunajificha nyuma ya hema." Alicheka, akamaliza kikombe, akataka kingine. Nikamwambia imekwisha.

Niliporudi kuosha mkebe nikaona karatasi ndogo imebaki chini, imeandikwa 61.

Jioni nilimwambia Zuberi kabla hajavua viatu.

"Yote?"

"Yote."

Alikaa kitandani na daftari magotini, limefunguliwa penye ukurasa ule. Nikakaa karibu yake.

"Mudir ameiita jaada," nikasema.

Akainua kichwa. "Rudia."

"Jaada. Mama yake alikuwa akiwanywesha. Ni chungu sana."

"Ya tumbo?"

"Ya tumbo."

Akatafuta kalamu, akaandika polepole: Jaada. Chungu. Hutibu tumbo. Akafikiri, akaongeza chini: Imenywewa na mudir, 21 Februari 2012.

"Ungenibakishia hata jani moja, ndugu yangu," alisema, kisha akageukia ukutani.

Siku mbili hakunisemesha. Ijumaa alinirushia kofia yangu pale juu kitandani.

"Teremka. Wewe umeichemsha, unaijua harufu yake. Twende tukaitafute."

Tulikwenda Ijumaa hiyo na nyingine nyingi, mpaka aliporudi Muheza mwaka 2016. Jaada nyingine hatukuipata. Ukurasa wa 61 alikwenda nao vilevile, una jina lakini hauna jani.