Makosa Mawili Kwenye Fomu ya Nyumba

Ipo siku, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka siwezi kutulia kitini. Ilikuwa mwaka 2013, huku kwetu Nyakitonto. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na nyumba yangu ilikuwa imeshapakwa alama ya X nyekundu ukutani. Tuliambiwa wathamini wa serikali watapita nyumba kwa nyumba waandike mali ya kila mtu, ndipo fidia ijulikane. Nilikuwa na mke na watoto watatu, lakini kichwa kilikuwa bado cha moto.

Mtaka yote hukosa yote. Nilisikia wenzangu wakisema mibuni inalipwa vizuri, basi nikapanda baiskeli hadi Kitanga kwa shemeji yangu, nikarudi na miche ya kahawa, nikaichomeka nyuma ya nyumba mstari kwa mstari. Siku chache baadaye wathamini wakafika. Badala ya kusimama mbele ya nyumba yangu, nilimvuta yule wa kuhesabu miti hadi shambani nimwoneshe miche yangu. Huku nyuma mwenzake akampa mke wangu kibao cha namba, akampiga picha palepale alipomkuta: mbele ya kibanda chetu cha jiko, cha miti na udongo. Nikaitwa, nikasaini. Sikusoma.

Orodha ilipobandikwa ofisi ya kijiji, nyumba yangu ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, paa la bati, ilikuwa imeandikwa kibanda cha miti na udongo.

Nikaenda Kasulu mjini, nikakaa kwenye benchi la ofisi, nikaambiwa nirudi kesho. Nikarudi. Nikaambiwa nilete malalamiko ya maandishi na shahidi. Nyumbani nilikuwa nazunguka kuta zangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo nikamwendea shangazi Nyabenda, dada wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenibebea maji wakati nafyatua tofali zile. Nikamwomba awe shahidi.

"Nitakuja," akasema, mikono ikiendelea kupukuchua mahindi. "Na ile miche, nayo niishuhudie?"

"Miche haihusiani, shangazi."

"Inahusiana. Umeipanda juzi ukaiandikisha kama mibuni iliyokomaa. Ukienda na kweli mkono huu na uongo mkono huu, watakukamata kwa huo wa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, Bukuru. Ukaseme mwenyewe, au nenda peke yako."

Niliondoka bila kuaga, nimefura. Nilifika kisimani, nikasimama, nikatembea tena, nikasimama. Hatimaye nikarudi. Shangazi akanisogezea kigoda.

Kesho yake tulikuwa mbele ya mthamini mkuu, mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine.

"Mama, kwenye fomu yangu kuna makosa mawili. Moja lenu, moja langu."

Akavua miwani. Nilipomaliza kueleza yote, akasema, "Wanaokuja hapa huleta kosa letu tu." Akamhoji shangazi, akaandika. Baadaye alikuja mwenyewe kijijini, akapima chumba kwa chumba, na miche akaifuta kwenye fomu mbele ya majirani. Wengine walicheka. Niliwaacha wacheke.

Nyumba ilibomolewa mwaka uliofuata. Fidia haikunitajirisha. Ilinijengea vyumba vitatu kule mlimani. Cha nne nilikimalizia kwa jasho langu.

Basi sikia, mwanangu. Wakija kupima, usibanduke mbele ya mali yako. Usisaini usichokisoma, na usichokielewa uliza, hata kama watakunja uso. Wakikosea, usinyamaze wala usitukane: andika, tafuta anayeujua ukweli, rudi hata wakikuchosha. Lakini kabla hujadai haki yako, ng'oa kwanza uongo ulioupanda mwenyewe, maana huo ndio utakaokushtaki.

Mungu akupe kuta zisizotikisika na ulimi usioogopa kukiri. Uishi kwako, uzeeke kwako, na wanao wasihamishwe bila kusikilizwa.